Maji ya Nyumbani na Bustani ya Uani katika Nchi ya Ruangwa na Nachingwea

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kipimo akitakacho, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ni desturi ya watu wa pwani, wa Lindi na Kilwa na Mikindani, kupanda bara kwenda Ruangwa na Nachingwea kwa biashara ya korosho na ufuta, au kwa kazi ya serikali, au kwa kusomesha vyuoni. Wengine huoa huko wakafanya maskani. Na mtu akiisha kupata nyumba yenye uwanja, mara hupenda kutengeneza bustani uani: mchicha na bamia, nyanya na bilinganya, pilipili kando ya ukuta, na matembele penye unyevu. Hili ni jambo jema, na imesihi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwislamu apandaye mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Walakini wengi huanza bustani hizo mwezi wa Desemba, mbingu inapowafanyia kazi wao wamekaa barazani. Ifikapo Agosti huwa moja katika mambo mawili: ama bustani imekufa, ama ingali hai, nayo yanyweshwa kwa shingo ya mke na binti. Mwenye nyumba hupita jioni akaitazama, akawaonyesha wageni, akasema, "Bustani yangu hii." Mafunzo haya yamewekwa kwa ajili ya mtu huyo, apate kujua mvua ya nchi aliyohamia ilivyo, na maji yaliyomo nyumbani mwake yana haki ya nani kwanza.

FASLU: MVUA YA NCHI HIZI

Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja amezoea mvua mbili kwa mwaka: masika, Machi hata Mei, na vuli, Oktoba hata Desemba. Sababu yake ni kuwa mawingu ya mvua hulifuata jua. Jua likienda kusini hupita juu ya nchi zile mara moja, na likirudi kaskazini hupita mara ya pili, na baina ya kupita na kurudi ni muda mrefu. Ama Ruangwa na Nachingwea zimo kusini zaidi. Huko kwenda na kurudi kwa jua kumekaribiana, hata mvua mbili zikaungana zikawa moja. Huanza mwisho wa Novemba au ndani ya Desemba, ikakatika Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo kusi ikishika, Juni hata Oktoba ni kiangazi kitupu, na umande wa asubuhi hautoshi kulowesha mzizi wa mchicha.

Kwa hiyo yule atokaye Tanga, akatia mbegu Oktoba kwa kungojea vuli, hupoteza mbegu zake. Hakuna vuli huko. Pengine hunyesha mvua moja kubwa katika Novemba, ardhi ikanukia, kila mtu akashika jembe, kisha jua likawaka wiki tatu. Mvua hiyo ni ya kudanganya. Mkulima mzoefu huchimba kwa kidole na kwa kijiti: unyevu ukiwa haujashuka kadiri ya shubiri moja, huacha mbegu zake ndani ya kibuyu. Na hata mvua ikiisha kukaa, ina mwanya katikati yake, aghalabu Januari au Februari, wa siku kumi na pengine zaidi. Miche iliyohamishwa juzi hukauka kwa mwanya huo, na mwenyewe hushangaa, maana asema, "Si masika haya?"

Jumla ya mvua ya mwaka katika nchi hizi ni kwa makadirio milimita 800 hata 1,000. Hisabu hiyo si haba, lakini ni hisabu ya kumdanganya mtu, kwani haisemi imenyesha lini. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga katika Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli ikapitishwa msituni hata Nachingwea. Kule Kongwa mvua haikuja kama ilivyoandikwa karatasini, na udongo katika kiangazi ukawa mgumu kama tofali, majembe ya matrekta yakavunjika juu yake. Mambo mengine pia yaliharibika, ya mashine na ya mipango, na kufikia mwaka 1951 kazi ile iliachwa, zimekwisha kupotea paundi zaidi ya milioni 35. Reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang'olewa. Ikiwa waliokuwa na fedha na mashine zote zile walipatwa na hayo, mwenye matuta manne uani hana udhuru wa kutotazama majira.

Jambo jingine limpasalo mtu kulifahamu ni kuwa miezi ya Kiislamu haitumiki kuhisabia mvua. Mwaka wa mwezi mwandamo ni siku 354 au 355, umepungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Ramadhani ya mwaka 1435 iliangukia Julai wa 2014, katikati ya kiangazi. Ramadhani ya mwaka 1445 iliingia Machi wa 2024, mvua ingali inanyesha. Asemaye, "Mwaka ule nalipanda bamia Shaabani zikastawi," amesema kweli, lakini hajasema neno la kumfaa. Wazee wa pwani walilijua hili tangu zamani, ndipo wakashika mwaka wa jua kwa Nairuzi, wakahisabu miongo, kumi kumi, wajue siku za kupanda na za kusafiri baharini, na ibada wakaziacha kwa mwezi. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kabla ya Novemba khabari za msimu wa mvua kwa mikoa ya mvua moja, na Lindi na Mtwara zimo. Kuzisikiliza hakupingani na tawakali. Lililokatazwa ni kuitakidi kwamba nyota yenyewe ndiyo iletayo mvua. Kutazama upepo na bahari na kukadiria ni elimu ya desturi, kama nahodha atazamavyo wingu.

Tena mwisho wa mvua una hatari yake. Tufani iliipiga Lindi Aprili mwaka 1952, na tufani iliyoitwa Hidaya ilifika pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei 2024, na kwa mvua zake barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika penye Somanga. Bara mvua kama hizo huja kwa wingi kwa siku moja au mbili, zikachukua udongo mzuri wa juu wa bustani zikaupeleka mtoni. Kwa hiyo tuta la masika huinuliwa na kuwekewa mfereji kando yake. Ama la kiangazi hufanywa kinyume, likachimbwa chini kama sinia, maji machache yakae humo yasikimbie. Wengi huacha tuta lile lile la Januari hata Agosti, wakalinywesha maji yakateremka pembeni yote.

Na kuna taabu moja isiyoepukika. Wakati wa mvua mboga ni nyingi kila mahali; majani ya maboga na mlenda huota hata bila kupandwa, na bei yake sokoni haifiki kitu. Nyanya nazo wakati huo hushikwa na ukungu zikaoza mtini. Wakati wa kiangazi nyanya ni safi na bei ni nzuri, lakini maji hakuna. Faida ya bustani imewekwa katika miezi ile ile ambayo kisima kimeshuka. Hapo ndipo mvua hukoma kuwa jambo la mbinguni tu, ikawa jambo la ndani ya nyumba.

FASLU: MVUA SI MAJI

Wako wadhanio kwamba penye mvua nyingi pana maji mengi. Nchi ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, yawarudi watu hao. Mvua yake si haba kuliko ya mabondeni, ila udongo wake wa juu ni wa mchanga, hunywa maji yakazama mbali chini, yakatokea kwenye miguu ya uwanda. Kwa karne nzima wanawake wa juu walikuwa wakiteremka mteremko mkali na kupanda na mitungi, na katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanzwa mradi wa kupandisha maji kwa mashine. Chemchemi za Mbwinji ni katika maji hayo hayo yazamayo juu yakatokea chini, na katika miaka ya 2010 yalipelekwa kwa mabomba mpaka Masasi na Nachingwea.

Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990, si juu ya uwanda ule, lakini hali yake yakaribia. Mito midogo iendayo Mbwemkuru hupita maji wakati wa mvua, kisha hukauka, watu wakachimba mashimo katika mchanga wake. Katika vijiji vingi visima vya mkono hushuka kadiri kiangazi kinavyoendelea, foleni ikarefuka, na penye bomba maji huja kwa zamu. Udongo mweusi wa mabondeni hushika unyevu miezi miwili mitatu baada ya mvua kwisha, nao ndio mahali bora pa mboga za Juni na Julai. Mwenye kipande huko bondeni asijisumbue na uani katika miezi hiyo.

FASLU: HISABU YA NDOO

Haifai mtu kutia mbegu kabla hajahisabu maji, kama haifai kusafiri kabla hajahisabu masurufu. Na hisabu yenyewe ni nyepesi.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mboga za majani katika jua la kiangazi hutaka kiasi cha milimita tano kila siku. Basi tuta la urefu wa mita tano na upana wa mita moja hutaka lita 25, yaani ndoo moja na robo. Matuta manne hutaka lita 100, nazo ni ndoo tano.

Nyumba ya watu sita ikitumia lita 20 kwa kila mtu, kwa kunywa na kupika na kuoga na kufua na kutawadha, hutaka lita 120, nazo ni ndoo sita. Basi aongezaye matuta manne katika kiangazi ameifanya nyumba ya ndoo sita kuwa nyumba ya ndoo kumi na moja. Ndoo moja iliyojaa ni uzito wa kilo ishirini. Ikiwa kisima ni mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, bila foleni, ndoo tano hizo ni saa mbili na nusu za mwanadamu kila siku, mpaka mvua irudi. Na mwanadamu huyo ni nani? Mara nyingi si yule aliyetoa amri ya kupanda.

Sheria yenyewe imelitambua zito hili. Zaka ya nafaka iliyonyweshwa na mvua au mto ni sehemu moja katika kumi, na iliyonyweshwa kwa kuchota na kubeba ni nusu ya hiyo, moja katika ishirini. Na iliyonyweshwa nusu kwa hili na nusu kwa lile ni robo tatu za moja ya kumi. Ama mchicha na bamia na nyanya hazina zaka katika madhehebu ya Imamu Shafi, kwani zaka ni katika vyakula vya kujikimu viwekwavyo akiba, kama mtama, mahindi, mpunga na kunde, vikifika nisabu. Lakini tazama hekima iliyomo: Muumba aliyeiamrisha zaka ameipunguza nusu kwa sababu ya kubeba maji. Basi vipi mume aone kubeba si kazi?

FASLU: MAJI NI HAKI YA NANI KWANZA

Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ni kuwa mke halazimiki kwa sharia kupika, kufua, wala kuteka maji. Maji ya kunywa ni katika nafaka impasayo mume, na maji ya kuogea janaba ya tendo la ndoa na damu ya uzazi, gharama yake ni juu ya mume. Mke ayatekaye kwa hiari yake amefanya ihsani, na desturi nzuri za nyumba hujengwa kwa ihsani kama hizo. Lakini ihsani haidaiwi kama deni, wala haiongezwi mzigo kila mwaka bila ya kuulizwa mwenyewe.

Na hapa kuna mas-ala ambayo watu wengi hawaijui. Mtu akimfanyia mwenziwe kazi bila ya kutajwa ujira, kauli yenye nguvu ni kuwa hana ujira wa kudai mbele ya kadhi. Mke aliyenywesha bustani ya mumewe miezi mitano, kisha mume akauza nyanya sokoni Nachingwea akatia fedha mfukoni, hana la kushitaki ikiwa hawakutaja neno mwanzo. Wako wanaume waijuao hukumu hii nao huinyamazia kwa makusudi, na hiyo ni hila mbaya. Mcha Mungu hulitaja jambo kabla ya kutia mbegu: tuta hili ni langu na ujira wako ni kadhaa, au matuta haya mawili ni yako wewe, mbegu zake na mazao yake. Likiwa tuta ni la mke na mbegu ni zake, fedha ya mauzo ni mali yake. Mume hana haki humo, hata ikiwa alikopa humo fulusi za sukari.

Ama utaratibu wa maji yenyewe, wanazuoni wameupanga. Kwanza ni viumbe wenye kiu, watu, kisha wanyama walioko mkononi mwa mtu, kwani mbuzi na kuku na punda kuwanywesha ni wajibu, na aachaye hulazimishwa. Mimea haina roho. Kuinywesha si wajibu, ila huchukiza kuiacha ikafa na hali maji yapo, kwa kuwa ni kupoteza mali. Basi akasirikaye kwa sababu mchicha umekauka, na mtoto ameoga siku hiyo, ameugeuza utaratibu huu chini juu.

FASLU: MAJI YALIYOKWISHA TUMIKA

Njia iliyo nyepesi ya kunywesha bustani bila ya kuongeza ndoo ni kutumia maji mara mbili. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba mgomba na mpapai hupandwa penye mfereji wa bafu; yamekuwa hivyo tangu babu zao. Kinachowatia shaka wengine ni hukumu ya tahara, hata wapo wamwagao maji njiani kwa kuogopa kunajisi mboga.

Maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi au josho la faradhi ni safi, ila hayatawadhiwi tena. Kuyamwagia tuta hakuna ubaya kabisa. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni tahara na yana manufaa. Maji ya kufulia yenye sabuni ni tahara ikiwa nguo hazikuwa na najisi, lakini sabuni nyingi huchosha udongo, basi yapewe migomba na miti, yakipishana na maji matupu, yasimwagwe daima penye tuta moja.

Na maji yaliyonajisika? Katika madhehebu inajuzu kunyweshea mimea na wanyama. Mboga iliyoota hapo, dhati yake ni tahara. Likiguswa jani na maji hayo huoshwa, na baada ya kuoshwa huliwa. Hiyo ni hukumu ya tahara. Hukumu ya afya imeongeza jambo: maji machafu yamwagwe penye mizizi, wala yasimwagiwe mboga ziliwazo mbichi, kwani maradhi ya tumbo hayaondoki kwa suuzo moja.

Jambo lenye kutatiza watu zaidi ni pipa. Maji yasiyofika kulateni, kikiingia kitu cha najisi chenye kuonekana, hunajisika yote, hata kama rangi na tamu na harufu havikugeuka. Yakifika kulateni hayanajisiki ila kwa kugeuka. Kulateni ni kadiri ya sanduku la dhiraa moja na robo kwa urefu na upana na kina, nazo ni kiasi cha lita 216 kwa hisabu ya wengi. Sasa pipa la bati lililoenea kila nyumba ni la lita 200. Hata likijaa pomoni halifiki. Panya akifa humo maji yote yamenajisika, na nyumba ya Ruangwa katika Septemba imepoteza ndoo kumi kwa mara moja. Maji hayo yasimwagwe njiani. Ndipo bustani hufaa, yapelekwe penye mizizi ya mpapai na bilinganya. Au yakitiwa maji mengine hata yakafika kulateni, na hayana mageuko, hurudi kuwa tahara, nayo yakafaa kwa kufulia. Simtanki la lita 500 likijaa limepita kulateni, lakini watu husahau kuwa hisabu ni ya maji yaliyomo wakati wa kuingia najisi, si ya tangi. Likibaki robo, hukumu yake ni kama ya pipa. Dawa ya yote hayo ni kifuniko, nacho huzuia mbu pia.

Tena yako maji yapoteayo katika ibada yenyewe. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na kuoga kwa pishi moja ya kisharia hata mudi tano. Mudi haifiki lita moja. Aliye nyumbani akitawadha kwa kopo la lita moja, kwa sala tano ametumia lita tano. Afunguaye bomba likamwagika huku akizungumza hutumia lita tano kwa udhu mmoja, nazo kwa siku ni 25. Tofauti ya mtu huyu na yule ni ndoo moja nzima kila siku. Katika nyumba yenye wanaume wanne wa namna hii, tofauti yao yanywesha matuta matatu na zaidi, wala hakuna aliyetumwa kisimani.

FASLU: BATI NA TANGI

Nyumba ya bati ya mita sita kwa nane, ikinyeshewa milimita ishirini, hupokea lita 960. Zikipotea sehemu moja katika tano kwa kuruka na kuvuja, zabaki kiasi cha lita 770. Mvua moja tu hiyo, na kwa mwaka wa milimita 900 ni zaidi ya lita 34,000. Mtu akisikia hisabu hii hufurahi, akatia mfereji wa bati na tangi moja la lita 1,000, akadhani kiangazi kimekwisha. Tangi lile hujaa Desemba, likafurika hata Aprili, na Mei hubaki na lita zake 1,000, ambazo kwa matuta manne ni siku kumi. Faida yake kubwa si ya Agosti, ni ya ule mwanya wa Januari, kuokoa miche isife katikati ya msimu. Atakaye kuvuka kiangazi kwa maji ya bati lazima achimbe birika kubwa la saruji, na gharama zake si za kila mtu. Kwa hiyo mwenye uwezo mdogo apunguze matuta: ifikapo Juni abaki na moja au mawili, alifunike kwa majani makavu jua lisilipige, miche michanga aiwekee kivuli cha makuti, na anyweshe baada ya alasiri au kabla ya jua kuchomoza. Tuta moja lililonyweshwa sawasawa hulisha nyumba mboga kuliko manne yaliyorashiwa rashiwa.

FASLU: KISIMA CHA JIRANI NA BIRIKA LA MSIKITI

Mwenye kisima alichochimba katika mali yake ana haki ya maji yake kwanza. Yakizidi haja yake, haimjuzii kuwanyima wenye kiu na wanyama wao, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuzuia maji yaliyozidi. Lakini kwa mimea ya jirani kauli ya madhehebu ni kuwa halazimiki kuyatoa. Basi jirani akatazwaye maji ya nyanya zake hana haki ya kukasirika, na akipewa ashukuru. Penye mfereji wa pamoja, wa juu hunywesha kadiri ya haja yake kisha humwachia wa chini. Hivyo ndivyo ilivyohukumiwa Madina baina ya Zubeir na mtu wa Ansari waliogombana juu ya maji ya mitende. Ama bomba la kijiji au kioski, lililowekwa kwa watu wote, ajazaye ndoo kumi za bustani na nyuma yake wamesimama wenye kutaka maji ya kupikia amewadhulumu, hata akilipa thamani yake, isipokuwa foleni imekwisha.

Likabaki birika la msikiti. Maji yaliyowekwa wakfu kwa udhu hayatumiwi kwa jambo jingine, kama yaliyosabiliwa kwa kunywa yasivyojuzu kutawadhiwa. Kwa hiyo mtu, awe mwalimu wa chuo, awe muadhini au mjumbe wa kamati, akichota humo ndoo kwa bustani yake ya nyumbani amekula wakfu, ijapokuwa ni ndoo moja. Maji yaliyokwisha kutumika, yapitayo katika mfereji wa udhu kwenda nje, ni jambo jingine. Hayo yakielekezwa penye miti ya wakfu ya msikiti, minazi au miembe, manufaa yake hurudi kwa msikiti wenyewe. Na ikiwa yule aliyetoa tangi alishurutisha tangu mwanzo kwamba linyweshe na miti, sharti lake hufuatwa. Kwa hiyo yafaa kamati imuulize mtoaji kabla tangi halijapandishwa, na jibu lake liandikwe katika daftari la msikiti.